Jinsi Nilivyopeleka Shingo Yangu Nakuru

Mmekuwa mkiniuliza kwenye kundi letu, mmoja mmoja na kwa pamoja, "Kwani ilikuwaje?" nami nimekuwa nikijibu "Niko sawa." Hilo halikuwa jibu. Jibu lenyewe nilikuwa naliandika. Hii ni mara ya tano. Zile nne za kwanza nilizifuta kwa sababu mpangilio haukunipendeza. Mnanijua.

Fomu, bima na foleni za madirishani nitaziruka. Hakuna kati yenu ambaye hajawahi kupanga foleni.

Kwa wale ambao hawakuwa karibu: kwa muda wa mwaka mmoja hivi nilikuwa napoteza maneno. Siku za kazi mimi huchambua mawaridi kwenye shamba la maua, na hilo halihitaji maneno. Lakini Jumapili mimi husimama kando ya mhubiri na kugeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Kazi hiyo hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza mwenyewe jikoni, nikicheza mahubiri kwenye simu na kuyasimamisha kila sentensi. Sasa ghafla mhubiri angesema jambo rahisi, tuseme "mkate", nami ningetafuta neno hilo kama mtu anayepapasa swichi ya taa katika nyumba ya wenyewe. Nilikuwa na kiu mchana kutwa. Mifupa iliniuma. Niliamini ni uvivu, nikajitengenezea ratiba ya kutibu uvivu.

Halafu likaja jiwe kwenye figo, daktari akapima damu, akakuta kalsiamu imepanda mno. Alinieleza kwamba nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, vinaitwa parathairoidi, na kazi yake ni kulinda kiasi cha kalsiamu mwilini. Kimoja changu kilikuwa kimekua na kuwa kama haragwe, na kilikuwa kikichota kalsiamu kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu. Dawa yake ni kukikata na kukitoa.

"Ila karibu hapo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti," alisema. "Watu wachache sana huamka sauti ikiwa imeharibika."

"Wachache ni wangapi?"

"Wachache."

Tangu siku hiyo, miezi mitano kamili, nilikuwa na hofu moja tu: kuamka bila sauti. Kifo sikukifikiria hata kidogo, jambo ambalo sasa naona lilikuwa uzembe.

Na hapa lazima nikiri kitu. Nilimpigia simu Senje Rosa wa Elburgon, dada wa baba yangu, ambaye angenitunza nikitoka hospitalini. Aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia kalsiamu iko juu, tezi itatolewa, na maziwa hapana kabisa. Hilo la maziwa daktari hakulisema. Niliona tu kwamba linafuata. Nilidhani namsaidia daktari kumalizia wazo lake.

Kutoka Kihoto hadi lami, kwa boti

Wale mlio mbali na Naivasha huenda hamjui kwamba ziwa limehamia mtaani kwetu Kihoto. Mimi naishi ghorofa ya kwanza, kwa hiyo limenifikia ngazini tu. Asubuhi ya safari nilishuka ngazi sita na kuingia kwenye boti ya Kamwana, ambaye zamani alikuwa wa bodaboda. Boti anaiendesha akiwa bado amevaa ile helmeti yake.

"Sista, safari ya wapi na mabegi mingi hivi?"

"Nakuru. Nafanyiwa upasuaji wa shingo."

Aliigeukia shingo yangu akaikagua. "Mbona iko poa?"

"Ni ya ndani."

"Ah. Kama injini."

Tulipofika kwa kinyozi alizima mashine. Kiboko alikuwa amesimama mbele ya kibanda, akitafuna kitu taratibu. Nilimuuliza Kamwana tufanye nini.

"Tungoje. Huyu ni wa kila asubuhi. Akishiba ataenda."

"Huwezi kumfukuza?"

"Madam, huyu hapigiwi honi."

Ratiba yangu ilikuwa na dakika ishirini za maji. Haikuwa na kipengele cha kiboko. Tulikaa pale dakika arobaini, na Kamwana akaniuliza kama wakinikata watanirudishia kile walichokitoa. Nikasema sijauliza. Akaniambia niulize. Fundi wa kweli, alisema, lazima akuonyeshe ile spea ya zamani.

Kutoka lami hadi Kariandusi

Kwenye lami Mzee Barasa alikuwa ananingoja na pikapu yake. Yeye ni mzee wa kanisa letu, na ndiye anayepanga nani atasimama kutafsiri Jumapili gani. Alizaliwa Nakuru kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na huendesha gari kana kwamba bado anafuata ishara za treni.

"Nafula, umechelewa."

"Ni kiboko, Mzee."

"Hm. Ingia."

Tulipopita Gilgil nilimkabidhi mwongozo niliomwandikia Joshua, kijana mwenzangu ambaye angeshika nafasi yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kutafsiri, Mzee. Mahali pa kupumua, mahali pa kumngoja mhubiri, maneno magumu."

"Kurasa kumi na nne?"

"Na kiambatisho."

Aliuweka juu ya dashibodi, ukamsaidia kuzuia jua.

Karibu na Kariandusi akakata kona bila kusema kitu. Kuku wake walikuwa na viroboto, na kule kwenye machimbo ya udongo mweupe kulikuwa na jamaa yake. Udongo ule ukiwanyunyizia kuku, viroboto hukauka. "Ni dakika tano," alisema. Tulingoja saa moja na nusu. Jamaa alikuwa amekwenda kumtafuta mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kumtafuta jamaa.

Nilikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na maandazi. Alinimiminia kikombe kabla sijaomba.

"Pole mathe, mimi sinywi maziwa."

"Kwani we ni mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Woi, pole. Basi kunywa upate nguvu."

Nilikula maandazi matatu makavu huku akinitazama kwa huzuni. Hatimaye magunia yalifika. La pili lilipasuka wakati wa kupakia, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama chini yake nikielekeza namna ya kulishika. Tuliingia Nakuru nikiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu.

Milimani, kitanda cha dirishani

Hospitali iko Milimani, mahali penye miti mingi na nyua za majani zilizokatwa sawasawa. Niliipenda mara moja kwa sababu ya zile nyua. Sista wa mapokezi aliniona na vumbi langu, akatabasamu.

"Mwalimu, karibu! Hata kujipangusa chaki hukupata nafasi?"

Ningemsahihisha. Lakini alifurahi sana kwa kukisia, na alikuwa tayari ameandika. Kwa siku tatu nilikuwa mwalimu.

Kitanda cha pili alikuwa bibi mmoja, Cucu Wangari kutoka Mau Narok, aliyekuja kutolewa rovu, uvimbe wa tezi shingoni. Rovu lake lilikuwa kama kiazi kikubwa, na alilibeba bila haya yoyote.

"Mwalimu, mimi yangu inaonekana. Wewe wanaenda kutafuta nini hapo?"

"Ni kitezi, Cucu. Kimekuwa kama haragwe."

"Haragwe!" Alimgeukia mgonjwa wa kitanda cha tatu. "Mmesikia? Ametoka Naivasha mpaka hapa kuleta haragwe moja."

Alasiri daktari alipita, akanichora mstari shingoni kwa kalamu. Nilimuuliza tena kuhusu wachache. Akasema tena wachache, safari hii polepole.

Alipoondoka nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliingia bafuni na simu, nikafunga mlango, nikaanza kuirekodi sauti yangu. Nilisoma orodha ya maneno niliyokuwa nimeyaandaa, ya chini, ya juu, yenye "sh" na yenye "ng". Nilitaka niwe na kipimo, ili nikiamka nijue kilichopotea ni kiasi gani hasa. Nilikuwa nimefika kwenye salamu za mchana wakati mlango ulipogongwa.

"Mwalimu," Cucu aliita, "hiyo darasa inaisha saa ngapi? Kuna watu wako na mkojo."

Kutoka kitandani hadi chumba cha upasuaji, hatua chache

Safari yenyewe ilikuwa fupi na nililala chali, kwa hiyo ninachokikumbuka ni taa za dari. Daktari wa usingizi alisema nihesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nilitaka kumuuliza kama sifuri inahesabiwa. Nilifika saba.

Niliposikia tena sauti ya mtu ilikuwa ya sista.

"Mwalimu, amka. Umemaliza. Jina lako nani?"

Jibu nililijua. Nilifumba mdomo. Mkumbuke niliwaambia lazima nikiri: sikujaribu. Kwa muda wote ambao sijajaribu, sauti ilikuwa haijapotea. Nilionyesha kwa kidole ile bangili ya plastiki yenye jina langu.

"Ongea basi."

Nikafanya ishara ya kalamu.

Asubuhi yake daktari aliniambia haragwe limetoka salama na kalsiamu imeanza kushuka. Kisha akanitaka niseme "aaa". Nilitoa pumzi tu, yenye mchanga mchanga ndani yake.

"Imekwaruza kidogo. Hutokea. Usiilazimishe."

Nilipoyaandika maneno hayo kwenye daftari yalikuwa yamekuwa hivi: *Usiongee kabisa.* Nikapiga mstari chini.

Cucu Wangari, aliyekatwa siku ileile saa mbili baada yangu, alikuwa ameketi na bandeji yake akilalamika kwamba uji hauna sukari. Alilalamika kwa sauti nzuri kabisa. Nilimwonea wivu ambao sikuwahi kumwonea mtu.

Siku ya kutoka, sista alinikalisha akanipa mkebe wa vidonge. Tezi ile kubwa ikitolewa, alisema, zile tatu zilizobaki huwa bado zimelala, na mifupa ina njaa, kwa hiyo kalsiamu inaweza kushuka kupita kiasi. Vidonge mara tatu kwa siku, bila kukosa. Midomo ikiwasha, tafuna viwili zaidi. Vidole vikikaza, kimbia hospitali iliyo karibu. Niliandika yote kwa wino wa rangi mbili, hatari kwa nyekundu.

Senje Rosa hakusikia hata neno moja la hayo. Alikuwa langoni akibishana na askari kuhusu mahali pa kuegesha gari.

Kutoka Nakuru hadi Elburgon, kupitia Njoro

Senje aliolewa Elburgon miaka mingi iliyopita na mkulima wa viazi, sasa ni mjane mwenye ng'ombe wawili na maoni mengi. Alikuja na jirani mwenye Probox. Alikaa nyuma pamoja nami, na kila tulipokaribia tuta alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba chungu.

"Pole pole! Huyu amechinjwa juzi!"

"Mama, niko chini ya ishirini."

"Shuka kumi!"

Baada ya Njoro tulisimamishwa na kondoo waliokuwa wakivuka, wengi kuliko barabara ilivyoweza kuwameza. Senje alitumia nafasi hiyo kununua karoti dirishani na kumweleza muuzaji ugonjwa wangu wote. Aliueleza vizuri. Alifika hadi kwenye maziwa.

"Hata tone," alimwambia yule muuzaji. "Daktari amekataa kabisa."

Nilitikisa kichwa kukataa. Senje alinishika shingo. "Usitingishe!"

Nyumbani kulikuwa na baridi ya Elburgon, ile inayokaa ndani ya ukuta. Alinipa kikombe. Ilikuwa strungi, chai nyeusi tupu. Mnaojua nyumba zetu mnajua kwamba mgeni akipewa strungi kwenye boma lenye ng'ombe wawili, kuna mtu amekosea mtu.

"Nimefanya vile ulisema," alisema Senje kwa fahari. "Maziwa yote inaenda kwa dairi. Hata ya kukoroga uji sijawacha."

Halafu akafungua begi langu ili anipangie nguo, akakutana na mkebe. Miwani yake ilikuwa kwa fundi Molo, kwa hiyo aliunyoosha mkono mpaka mwisho na kusoma zile herufi kubwa.

"Kal-si-amu." Akaketi. "Yesu. Wamekupa ile kitu yenyewe!"

Nilichukua daftari nikaandika. Niliandika aya nne zilizoeleza tezi tatu zilizolala, njaa ya mifupa, na kosa langu la simu. Mwandiko wangu ni mdogo na nadhifu, nimeufanyia mazoezi. Senje aliishika karatasi, akaisogeza mbali, akaikunja akaiweka ndani ya Biblia.

"Nitasoma nikipata macho."

Mkebe ukaingia kwenye mkoba wake wa kanisani, na mkoba ukaingia kabatini.

Ningeweza kusema. Hata kwa kunong'ona. Nataka mlielewe hili kwa sababu ndilo mliloniuliza zaidi, "Si ungemwambia tu?" Nilipima. Upande mmoja kulikuwa na vidonge vya siku moja, upande wa pili sauti ya maisha yote. Nikanywa strungi.

Sebuleni kwa Senje

Kufikia asubuhi nilikuwa nimekosa vidonge mara mbili, na midomo ikaanza kuwasha, kama soda inayochemka juu ya ngozi. Saa nne ziliwasha ncha za vidole. Nilijua ni ukurasa gani wa daftari langu. Nilimwonyesha Senje vidole vyangu, nikavichezesha kwa uso wa wasiwasi.

"Ni baridi," alisema, akavipaka mafuta, akanivisha glavu za sufu.

Saa nane wakaja akina mama wa kanisa lake kumwona mgonjwa. Walikuwa tisa, wenye vitambaa kichwani na flaski mikononi, maana kwao kwenda kwa mgonjwa bila chai ya maziwa ni sawa na kwenda kumcheka. Senje aliwapokea mlangoni kwa kiganja kilichoinuliwa.

"Flaski zibaki nje. Mgonjwa hata harufu ya maziwa hatakiwi."

Walitazamana. Mwenyekiti wao, Mama Wambui, mwanamke mnene wa sauti ya pole, aliweka flaski yake chini kwanza, na wengine wakafuata. Flaski tisa zikapangwa barazani. Ndani tukanywa strungi sote, wao wakiinywa kwa nyuso za watu wanaomeza dawa ya minyoo.

"Tunaumia pamoja na mgonjwa," Mama Wambui alisema.

Wakaimba. Wakaomba, na sala ilinipitisha kwenye visu vyote vilivyonigusa na vingine ambavyo havikunigusa. Kisha Mama Wambui akasema, "Tumeambiwa haongei. Basi atusalimie hata kwa mkono."

Nilivua glavu nikainua mkono. Vidole vyote vitano vilikuwa vimekutana nchani, kama vya mtu anayeokota chumvi, na kifundo kimepinda. Nilijaribu kuvifungua. Havikufunguka.

"Anaomba chakula," alisema mama mmoja.

"Hapana, anatubariki," alisema mwingine.

"Huyo amekufa ganzi," alisema wa tatu, lakini wa pili alikuwa tayari ameanzisha wimbo. Waliimba vizuri, kwa makofi. Mkono wa pili ukafuata wa kwanza. Ngozi kandokando ya mdomo ilianza kujivuta, na nilihisi taya likikaza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba likikaza kabisa sitakuwa na nafasi ya kujaribu chochote.

Nilifungua mdomo bila kujua kama kuna kitu ndani.

"SENJE!"

Ilitoka. Ilikuwa sauti ya lango la bati linaloburutwa juu ya kokoto, na ilikatika katikati ya jina, lakini ilitoka nje ya nyumba. Ng'ombe mmoja alijibu. Wimbo ulikatika.

"Lete kalsiamu! Lete maziwa!"

"Lakini daktari alikataza!" Senje alisimama. "Si wewe mwenyewe uliniambia kwa simu?"

"Daktari hakusema. Niliongeza mimi."

Mama Wambui aliinamisha kichwa kunitazama vizuri.

"Ngoja. Wewe si ndiye yule msichana wa kutafsiri Naivasha? Yule Rosa hutuambia?"

"Ndiye."

"Na unaongezanga?"

"Sikuwa najua," nilisema, na sauti ikaisha kwa wakati huo.

Sijawahi kusema kitu cha aibu zaidi mbele za watu. Lakini hakuna aliyebaki kunihukumu kwa sababu wote tisa walikuwa wamekimbilia flaski. Senje alimwaga mkoba wa kanisani mezani: kitambaa, peremende, sadaka, mkebe. Mama mmoja alinishika taya, mwingine akaniwekea vidonge ulimini kama anayelisha ndama, Mama Wambui akanimiminia chai ya maziwa, nusu kinywani na nusu kwenye bandeji. Sijawahi kunywa chai nzuri kama ile. Kisha wakanibeba hadi kwenye Probox. Safari hii Senje hakutaja matuta.

Kwenye kituo cha afya, tabibu wa zamu, dada wa umri wangu, alitazama mikono yangu mara moja tu na kuanza kutafuta mshipa. Alimpigia daktari wangu, kisha akaniingizia kalsiamu polepole kwa sindano, na joto likapanda hadi masikioni.

"Huyu alikuwa amepewa vidonge," alisema. "Nani alimzuia kumeza?"

Akina mama walimtazama Senje. Senje alinitazama mimi. Niliinua mkono, ukiwa bado umekunjika.

Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa kidole kidogo cha kushoto, ambacho Senje alikuwa amekishika muda wote. Kilipofunguka ndipo aliposema.

"Nafula, mtoto wangu. Siku ingine ukipewa maneno, yalete vile yalikuwa."

"Ndiyo, Senje."

Nilikaa kwake wiki nne. Nilikunywa maziwa ya ng'ombe wote wawili.

Kutoka Elburgon hadi Nakuru, mara ya pili

Kidonda kilikuwa kimefunga, mstari mwembamba ambao Senje aliuita mkufu. Daktari aliufurahia. Halafu aliniingizia kamera nyembamba puani, akatazama jinsi nyuzi za sauti zinavyocheza, akaitoa.

"Upande mmoja bado mvivu. Umekuwa ukiongea?"

"Siku za kwanza sikuongea. Ulisema nisiongee."

"Nilisema usiilazimishe."

Nilifungua daftari kumwonyesha. Nikaona mwandiko wangu, nadhifu, na mstari chini yake. Nikalifunga.

"Sauti inataka kutumiwa," alisema. "Ongea kawaida. Ikichoka, pumzika."

"Itarudi yote?"

"Sijui."

"Sijui ya kiasi gani?"

"Sijui tu, Nafula. Tuipe miezi."

Niliandika *Sijui*. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu ikitaka kuendelea. Niliiweka mfukoni.

Nikiwa njiani kurudi Naivasha niligundua kitu kingine, karibu na Elmenteita. Nilikuwa nikitazama nje nikiyataja mambo kimoyomoyo, mkonge, ukingo, chumvi, flamingo, bonde, na kila neno lilikuja nilipoliita. Mifupa haikuuma. Sikuwa na kiu. Maneno yote yalikuwa yamerudi, na cha kuyabeba ndicho kilikuwa kibovu.

Kihoto

Maji bado yapo. Yamepanda ngazi moja.

Jumapili iliyopita Mzee Barasa alinikuta nje ya kanisa kabla ya ibada.

"Uko tayari?"

Miezi iliyopita ningesema ndiyo. "Nusu saa, Mzee," nilisema. "Baada ya hapo sijui. Ikikatika, Joshua amalizie."

"Hm. Sawa."

Mhubiri alikuwa mgeni, mwenye nguvu, wa kupiga meza. Zamani mhubiri akipaza sauti nami nilipaza; akinguruma nilinguruma. Sasa sikuweza. Yeye alipiga kelele nami nikafuata kwa sauti ya chini yenye kokoto, nikisema alichosema na kuishia alipoishia. Mara mbili niliona sentensi nzuri ya kuongezea. Niliiacha ipite.

Ilikatika katikati ya sentensi kuhusu msamaha. Nilisema "na yule aliyekukosea" kisha ikawa hewa tupu. Mdomo ulikuwa unaenda na hakuna kilichotoka. Watu wote walikuwa wananitazama, mhubiri pia, mkono wake ukiwa umesimama juu. Ndicho kile nilichokiogopa kwa miezi mitano, hivyohivyo kabisa, hadi mkono wa mhubiri.

Mtu alipiga chafya. Nilichukua chupa ya maji nikanywa mara mbili. Nikajaribu tena, na ikaja, chini zaidi. "Na yule aliyekukosea," nilisema, "hata kama hajaomba radhi." Mhubiri akashusha mkono akaendelea. Dakika chache baadaye nikampa Joshua ishara, akasimama akamaliza.

Mlangoni Mama Akoth, ambaye amekaa kiti cha mbele tangu kanisa likiwa la mabati, alinishika mkono.

"Leo umetafsiri vizuri."

"Asante, mama. Samahani kwa sauti, ni ile operesheni…"

"Hapana, hii ndiyo nzuri. Leo tumesikia maneno. Ile ingine ulikuwa unatupigia kelele."

"Siku gani?"

"Siku zote. Tulikuwa tunasemanga, huyu msichana ni mzuri sana, shida yake ni kelele."

"Mama, miaka mitatu! Mbona hamkuniambia?"

Alinitazama kwa upole, akaninyoosha kola juu ya kovu.

"Nani angekuambia? Ungelia."

Ningelia.